Njia Isiyo na Mahali pa Kumpisha Mama Mkwe

Mbuvi Kitonga,
Muuzaji wa Kunde na Pojo,
Sokoni, Ukunda.
14 Septemba, 1998.

Kwa Meneja,
Bustani ya Asili ya Mzambarauni,
Mwabungo.

Ndugu Meneja,

KUH: NJIA YENU YA MATEMBEZI NA MADHARA YAKE KWA NYUMBA YANGU

Salamu nyingi kwako na kwa wote walio chini yako, wakiwemo vipepeo, kobe na yule tausi anayelia langoni kana kwamba ndiye mwenye shamba. Natumaini barua hii itakukuta umesharudi kutoka Kisiwa cha Chale, ambako niliambiwa umekwenda kula chakula cha mchana siku ile nilipokuhitaji. Mimi ni mzima, isipokuwa shingoni, na habari ya shingo nitaieleza mahali pake.

Kabla ya kulalamika, naomba nitoe pongezi. Mmeuchukua msitu ambao sote tulikuwa tukiupita bure, mkauzungushia waya, mkaubandika vibao, na sasa tunalipa kuuona. Nimesoma kibao kimoja kinachoeleza kwamba mwarobaini ni mti wenye dawa. Watu wa Mwabungo, ambao wamenyweshwa mwarobaini tangu hawajaota meno, bila shaka wamefurahi kujulishwa.

Mimi ni Mkamba, lakini nimezaliwa huku huku, kwenye skimu ya mashamba kule juu ya Msambweni, na Kiswahili nilifundishwa na mwalimu wa Vanga ambaye hakuruhusu sentensi iingie darasani kabla ya kuvaa nguo zake zote. Kwa hiyo usiuone upole wa maneno yangu ukadhani sina hasira. Ninayo, na nimeipanga kwa nambari.

Ili uielewe hasara yangu, lazima ujue kwamba nyumbani kwangu kuna ubishi mmoja tu. Mke wangu, Kamene, ana mama yake, Mama Syovata, mjane aliyekuwa akikaa peke yake kule skimu. Mvua za Elnino ziliangusha ukuta wa nyumba yake, kisha zikaona ukuta mmoja hautoshi. Tangu hapo analala katika stoo ya kanisa, pamoja na viti vya plastiki na ngoma za kwaya. Kamene anataka mama yake aje akae nasi Ukunda. Tuna vyumba vitatu: kimoja chetu, kimoja cha watoto, na kimoja cha magunia ya kunde. Kila akiniomba nimempa jibu lile lile, na lilikuwa jibu zuri. Nthoni hairuhusu.

Pengine wewe si mtu wa kwetu, basi nikueleze. Nthoni ni ile haya na heshima iliyopo baina ya Mkamba na mama mkwe wake. Hawali pamoja, hawakai pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, kila mmoja huacha njia akaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Vijana wa siku hizi wameiacha, wanapeana mikono na wakwe zao na hata kupiga picha nao harusini, lakini mimi na Mama Syovata tumeishika sawasawa. Tangu nimwoe Kamene, namjua mama mkwe wangu kwa mwavuli wake wa kijani, kwa kikohozi chake, na kwa mgongo. Akija kwetu asubuhi, mimi hushinda sokoni mpaka jioni. Wateja wangu walidhani nina bidii.

Ni kweli desturi yenyewe imeacha mlango. Mkwe akitoa blanketi na mbuzi, wazee hubariki na nthoni huisha. Jambo hilo silitaji hapa kwa kuwa halihusu bustani, na ninakuomba nawe usilitaje mbele ya Kamene. Sasa niingie katika malalamiko.

1. Upana wa njia. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Kamene alisema amechoka kuniona nikizunguka magunia, twende tukatembee kama watu wengine. Pale barabarani mmeweka bango: Karibuni Mtembee na Familia. Tukaja. Njia niliyoikuta inamtosha mtu mmoja na nusu. Kamba upande huu, kamba upande ule, na kila ukienda kidogo unakutana na kibao: Usitoke Njiani kwa Sababu Yoyote Ile. Ningependa sana kumjua aliyeandika maneno hayo ya mwisho. Mtu huyo hajaoa, au kaoa yatima. Ng'ombe wa Kinango wanaopelekwa mnadani hupewa nafasi ya kupishana, nao hawana wakwe.

2. Mishale. Mmechora mishale myeupe juu ya mawe, yote ikielekea upande mmoja, ili wageni wasigongane. Mimi niliifuata kwa utiifu ambao hata kanisani sijauonyesha. Kumbe siku hiyo hiyo akina mama wa kanisa la skimu nao walikuwa wamekuja kwa ziara yao. Walipofika bwawani, kenge akawatokea. Wengi wao walibaki wamesimama wakipiga mayowe, kwa kuwa mishale iliwakataza kurudi. Mmoja alirudi. Alikuja peke yake, akiikanyaga mishale yenu mmoja baada ya mwingine kana kwamba haikuchorwa, na mkononi alikuwa na mwavuli wa kijani. Naomba kujua bustani inawapa adhabu gani wanaoidharau mishale, maana mimi niliyeitii ndiye niliyeadhibiwa.

Kamene anaapa hakujua kwamba mama yake angekuwepo. Ameapa huku akicheka, kwa hiyo kiapo hicho sijui nikiandike upande gani.

3. Kichaka. Tulikutana mahali mnapopaita Kona ya Vipepeo, ambapo mtu haoni kilicho mbele mpaka akifikie. Kulia kuna bwawa na yule kenge. Kushoto kuna kamba, na nyuma ya kamba kichaka kimoja. Sikuwa na nafasi ya kusoma kibao chake. Niliruka kamba, mimi mtu mzima mwenye kitambi na suruali ya ibada, nikachutama nyuma ya kichaka. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mtunza bustani wenu amekikata kwa umbo la tembo.

Ndugu Meneja, kwetu kichaka ni kichaka. Kazi yake ni kuficha. Nyinyi mmekinyoa mpaka kikawa kifupi, kisha mkakitoboa chini ili tembo aonekane ana miguu, na mtu akichutama nyuma yake huonekana kwa chini kama ndama wa tembo huyo. Nilikuwa upande wa mkia. Majani mengi yako katikati, penye tumbo, kwa hiyo nikaugeuza uso upande wa msitu na kujisogeza kinyumenyume kuelekea tumboni. Sikujua kwamba Mama Syovata, pamoja na umri wake na magoti yake, ameruka kamba ile ile, kwa sababu naye hakumtaka kenge. Alikuwa amechutama upande wa mkonga, na kwa adabu ile ile alikuwa akijisogeza kinyumenyume kuelekea tumboni. Migongo yetu ikagongana.

Tungeachana, lakini ambaye angesimama angeonekana, na ambaye angegeuka angeona. Tulibaki vivyo hivyo, tumeegemeana. Ulikuwa mgongo mwembamba kuliko nilivyoudhani miaka yote hii nikiutazama kwa mbali.

4. Siafu. Langoni mmebandika orodha ya viumbe wa bustani. Wamo vipepeo, kima, kenge, kobe na ndege wa kila namna. Siafu hawamo. Kama mnawafuga, waandikeni, na kama hawana ruhusa ya kuwa humo, watolewe. Walinipanda kuanzia kwenye soksi. Nilivumilia, kwa kuwa mwanamume aliyekwisha kumkimbia mkwe wake hawezi tena kumkimbia mdudu. Ndipo mama mkwe wangu aliponisemesha kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Alisema hivi: "Baba, una siafu kwenye kola."

Nakuomba uyapime maneno hayo. Mtu aliyekupa mgongo hawezi kumwona siafu kwenye kola yako. Aligeuka. Kisha akamtoa siafu yule kwa ncha ya leso yake, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uji shingoni, halafu akamtoa mwenzake. Mwingine alikuwa ameshauma, na huyo ndiye sababu ya shingo niliyoitaja mwanzoni. Sikumshukuru Mama Syovata, kwa kuwa katika nthoni hakuna neno la kumshukuru mtu ambaye hukupaswa kumsikia.

5. Benchi. Ndipo akatokea askari wenu Swabir na filimbi yake. Simlaumu Swabir. Ni mtu wa Mwabungo, ana adabu, na alimwamkia Mama shikamoo kabla ya kumkamata. Lakini alisema sheria ni sheria. Waliotoka njiani wakakae kwenye benchi la ofisini, wamngoje Meneja aje kuwaonya. Nilimwonyesha kima watatu waliokuwa nje ya njia, mmoja wao amekalia kibao cha Usitoke Njiani. Akasema kima hawajakata tiketi.

Benchi lilikuwa moja. Nilimweleza Swabir habari ya nthoni kwa kirefu, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akasema hata kwao Wadigo mkwe huheshimiwa, tena sana, lakini jua la saa saba halimjui mkwe ni nani, na kivuli kiko juu ya benchi hilo peke yake. Tukakaa, yeye ncha ile, mimi ncha hii. Ni benchi la watu wawili, kwa hiyo ncha zenyewe haziko mbali. Kamene alikuwa ameketi kwenye nyasi pamoja na wale akina mama, na kila mmoja akimwangalia mwenzake wanaanza kucheka upya.

6. Dafu. Swabir alituonea huruma akatuletea dafu. Nasema dafu, sisemi madafu. Mengine yote yalikuwa yamenywewa na wageni wa hoteli waliokuja asubuhi. Alilitoboa, akatia mirija miwili, akaliweka katikati yetu, akaenda zake akiwa na hakika ametenda wema. Kuhusu dafu moja lenye mirija miwili wazee wetu wa Ukambani hawakuacha agizo lolote, kwa kuwa akili zao hazikufika huko. Nikamwachia. Naye akaniachia. Dafu likaanza kupata moto. Mwishowe akasema si vizuri kuiharibu riziki, akanywa kidogo, akalisogeza upande wangu. Nikanywa.

7. Kobe. Lalamiko hili ndilo zito, na kama si hili nisingeipoteza stempu. Benchi lenu linatazamana na nyumba ya kobe. Ina kuta za matofali, paa la makuti mapya, bomba lake la maji, na kibao mlangoni. Mama Syovata aliniuliza kibao kile kinasema nini, maana yeye aliona weupe tu. Nikamsomea: Hapa Anaishi Mzee Kobe, Tafadhali Msimsumbue. Akasema, bila uchungu wowote, tena akitabasamu, kwamba kumbe hata kobe, ambaye Mungu amempa nyumba mgongoni, amejengewa ya pili.

Niliona haya, wala si ile haya ya nthoni ambayo nimeizoea na ninajua pa kuiweka. Hii ilinikaa kifuani, na ninapoandika sasa bado iko. Ningeweza kujitetea kama angenilaumu. Hakunilaumu. Hakuulizia chumba cha magunia, ingawa kwa hakika anajua kipo. Aliuliza tu kama kunde zangu zinaingia fukusi, akanieleza namna ya kuzichanganya na majivu zikakaa mpaka msimu mwingine. Mtu anaweza kupambana na mama mkwe mkali, Ndugu Meneja. Mlinikalisha na huyu bila kunionya kwamba si mkali.

Ulipokawia kurudi kutoka Chale, Swabir alituachilia kwa onyo lake mwenyewe, ambalo lilikuwa kwamba tukirudi tuje mapema kabla madafu hayajaisha. Mama Syovata alipanda gari la kanisa kurudi kwenye stoo yake. Jioni ile Kamene hakusema mengi. Alisema bustani imetutia kwenye benchi la watu wawili na tukatosha, na nyumba yetu ina vyumba vitatu. Kisha akaenda kulala, akaniacha na magunia. Hoja niliyoirithi kwa babu yangu, iliyonikinga Elnino yote bila kuvuja, imeuawa na kichaka kifupi.

Kwa sababu hizo, ninadai yafuatayo, nikianza na lililo rahisi.

Mosi, kichaka cha tembo kiachwe kikue mpaka kimfiche mwanamume mwenye heshima zake, hata kama kitaacha kuwa tembo.

Pili, langoni pawekwe karani wa kumuuliza kila mwanamume mama wa mkewe yuko wapi wakati huo, na kama hajui, asubiri nje mpaka ajue. Njia nayo ipasuliwe mara mbili kuanzia langoni mpaka bwawani, moja ya watu wa kawaida na nyingine ya wakwe, na kila mama mkwe anayeingia avishwe njuga. Mbuzi huvishwa kengele na hakuna aliyesikia mbuzi akilalamika.

Tatu, mniandikie cheti chenye muhuri wa bustani, kitakachosema kwamba kwa kadiri bustani inavyofahamu, mimi na Mama Syovata hatujawahi kukutana. Swabir atie sahihi yake. Siafu si lazima.

Nne, kama cheti hakipatikani, basi mumpe Mama Syovata nyumba hapo hapo bustanini, jirani ya kobe. Hahitaji bomba lake peke yake, wanaweza kuchangia. Mkiona ni mzigo kumjengea nyumba mama wa mtu mwingine, mnijibu kwa maandishi, ili barua yenu nimwonyeshe Kamene na kumwambia kwamba si mimi peke yangu niliyeuona mzigo huo.

Nakungoja unijibu, kwa ile heshima ambayo njia yenu imeshindwa kuniachia. Nisalimie Swabir na filimbi yake, nisalimie mkata vichaka na umwambie tembo ana tumbo kubwa zaidi ya hilo, nisalimie tausi na kima wasiokata tiketi. Mzee Kobe mpe salamu za pekee, yeye na nyumba zake zote mbili.

Mimi niliyetoka njiani kwa sababu,

Mbuvi Kitonga

Nyongeza, Ijumaa. Barua hii imechelewa kwenda posta kwa sababu nilikuwa nikihamisha magunia. Baadhi yako chini ya kitanda chetu na mengine yako uani chini ya turubai. Blanketi nimelipeleka skimu mimi mwenyewe, pamoja na mbuzi, wazee wakabariki, na tangu juzi Mama Syovata analala katika chumba cha tatu. Amelalamika kwamba kinanuka kunde, nami nimemjibu.

Nimemsomea barua yote, na ana masahihisho mawili. Kwanza, anasema ni yeye aliyeiruka kamba kabla yangu, nisijipe sifa. Pili, hakuidharau mishale yenu. Hakuiona. Macho yake yameingia ukungu tangu mwaka jana, na sasa huona tu kilicho karibu kabisa na uso wake. Siku ile alirudi nyuma peke yake kwa sababu alisikia sauti ya Kamene upande wa pili wa kona, akawa anaifuata sauti ya mwanawe, mpaka aliponisikia mimi nikikohoa.

Kwa hiyo naomba uyafute madai yote. Njia msiipanue. Jumapili anataka kurudi akamwone kobe kwa karibu. Kamene atabaki na watoto, na kwa kuwa Mama haioni mishale ni lazima ashikwe mkono, na mkono utakaomshika ni huu ulioandika barua. Njia ya mtu mmoja na nusu inatutosha. Mwambie Swabir asihangaike kututafutia madafu mengi, moja litatosha, bora asisahau mirija miwili.